Nani Alikuambia?

Siku nilipopata ujumbe kwamba nimechaguliwa kwenda kambi ya waandishi, niliaga dukani mapema, nikashuka soko la Owino, hapa Kampala, kununua shuka mbili na taulo. Mpaka leo najicheka. Wiki tatu kando ya ziwa, chumba cha peke yako, chakula cha bure, mlezi wa kukusomea kazi yako mstari kwa mstari, halafu mimi nawaza shuka. Shuka kumbe zilikuwepo. Nilichokosa ni mahojiano yaliyokamilika, na hayo hayauzwi Owino.

Nayaandika haya kwa sababu kila nikikutana na mtu anayetaka kuomba nafasi kama ile ananiuliza kuhusu wifi na chakula. Wifi ilikuwa inakuja na kuondoka. Chakula kilikuwa kizuri, samaki tele, matoke na supu ya karanga. Sasa tuzungumze mengine.

Kambi yenyewe ilikuwa nje kidogo ya Entebbe, mwaka 2022. Sitawataja waandaaji, maana baadhi ya nitakayosema ni malalamiko na sina haja ya ugomvi. Tulikuwa sita, kila mmoja na mradi wa simulizi ndefu ya kweli: maneno elfu nane mpaka elfu kumi na mbili kuhusu watu waliopo na mambo yaliyotokea, lakini yasimuliwe kwa ufundi ule ule wa mtunzi wa riwaya. Gazeti litakwambia mafuriko yalibomoa nyumba kadhaa. Simulizi ya namna hii inakuingiza ndani ya nyumba moja, unaona sufuria ilikuwa wapi maji yalipoingia. Na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu sufuria hiyo lazima iwe ilikuwepo kweli.

Niliomba mara mbili. Mara ya kwanza nilikataliwa, na walikuwa na haki. Niliandika kwamba nataka kuandika "kuhusu Kilembe". Kilembe nzima, mji wa mgodi magharibi mwa Uganda! Mgodi wa shaba ulioanza kuzalisha 1956, reli iliyofika Kasese mwaka huo huo, shaba iliyokuwa ikiingiza fedha za kigeni nyuma ya kahawa na pamba, uzalishaji uliokufa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mto Nyamwamba uliofurika 2013 na tena 2020. Hizo ni kazi za watu watano kwa miaka kumi. Rafiki mmoja niliyekutana naye kwenye vikao vya Jumatatu pale FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, Kamwokya, ambako nilikuwa nikienda kusikiliza watu wakichambuliwa kazi zao, alinisomea ombi langu kwa sauti kisha akauliza, "Dada, swali lako ni lipi?" Sikuwa na swali. Nilikuwa na mji tu.

Mara ya pili nikaandika swali moja: baada ya mgodi kufungwa, wafanyakazi waliobaki kwenye nyumba za kampuni walijihesabu kuwa nani? Nikaongeza sentensi niliyodhani ndiyo iliyonipa nafasi: "Mimi ni mtoto wa mchimbaji." Ishike sentensi hiyo.

Nikaomba kuandika kwa Kiswahili. Watu wa Kampala hushangaa kusikia kuna Mganda ambaye Kiswahili ndiyo lugha aliyolelewa nayo. Baba alikuwa Mkiga wa Kabale, mama ni Mkonzo wa Bwera, majirani walitoka kila upande mpaka ng'ambo ya Kongo. Pale kambini mgodini mngeongea nini? Nilipohamia Kampala nikajifunza kukificha, maana huku ukiongea Kiswahili kwenye teksi watu hudhani wewe ni askari au mwizi. Katiba ilirekebishwa 2005 ikakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai mwaka ule wa kambi baraza la mawaziri likaidhinisha tena hatua za kukitumia na kukifundisha mashuleni. Lakini kondakta wa teksi hasomi maazimio ya baraza la mawaziri.

Kabla sijaenda mbali, pesa. Hakuna anayezisema na ndizo zilizonitesa. Kukaa na kula ni bure, ndiyo. Ila dukani kwangu, duka la vifaa vya ujenzi, hakuna likizo ya uandishi. Wiki tatu bila mshahara: shilingi 450,000 za Uganda. Safari mbili za Kasese kwa basi, kwenda na kurudi: 240,000. Bando na muda wa maongezi: 60,000. Boda boda na kudurufu makaratasi: 50,000. Jumla 800,000. Tuliahidiwa posho ya 300,000 (posho ya mfukoni, si ile ya sahani, maana huku ugali nao tunauita posho) na ilifika miezi minne baada ya kambi kuisha, baada ya barua pepe sita. Ningejua, ningeuliza mapema: inalipwa lini, kwa njia gani, na nani anagharamia safari za utafiti. Kuuliza si utovu wa adabu. Wenzangu wawili waliuliza wakapewa nusu siku ya kwanza.

Mlezi wangu alikuwa mama wa Mombasa aliyehariri magazeti na vitabu kwa miaka mingi. Tulimwita Mwalimu. Mtu mpole, sauti ya chini, chai ya tangawizi mkononi saa zote. Jioni ya pili nikamkabidhi kurasa kumi na nne. Asubuhi akanirudishia. Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, ameandika maneno mawili: Nani alikuambia? Ukurasa wa pili, nani alikuambia? Nilihesabu baadaye chumbani. Mara thelathini na moja.

Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeupenda sana. Baba anatoka shimoni jioni, taa kwenye kofia bado inawaka, uso umejaa vumbi, anapiga mluzi akipanda njia ya kwenda nyumbani, na nyuma yake Rwenzori imejifunika mawingu.

"Ulikuwepo?" Mwalimu akauliza.

"Hapana. Nilikuwa sijazaliwa."

"Nani alikuambia?"

"Mama alisema baba alikuwa mchimbaji."

"Mama alikuambia alipiga mluzi?"

Nikanyamaza.

"Taa ilikuwa inawaka? Kwa nini aiwashe na yuko nje? Na taa ni yake, au ya kampuni?"

Nilirudi chumbani nikalia kama mtoto. Nikatoa begi chini ya kitanda nikaanza kukunja zile shuka zangu mpya. Nisiseme uongo: kilichonizuia kuondoka si ujasiri. Ilikuwa usiku, na wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wametanda kwenye taa ya uani kama moshi, nikaona siwezi kupita katikati yao hadi barabarani. Asubuhi hasira ilikuwa imepungua. Nikampigia baba mdogo, yuko Kasese mjini.

"Baba mdogo, baba alipokuwa akitoka shimoni jioni, taa alikuwa anaiacha wapi?"

Kimya kidogo. Halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Nani? Baba yako? Yule hakuteremka chini hata siku moja. Alikuwa anaogopa giza. Yeye alikuwa mtu wa chumba cha taa."

Nikauliza chumba cha taa ndio nini. Akasema atatafuta mzee mmoja anieleze, yeye alikuwa mdogo. Nikakata simu nikakaa kwenye ngazi. Miaka arobaini na kitu nimekuwa mtoto wa mchimbaji. Shuleni niliandikia insha. Kwenye msiba wa baba, 2009, mtu alisimama akasema "mchimbaji mwenzetu" na hakuna aliyempinga, labda kwa heshima, labda kwa sababu Kilembe kila aliyelipwa na mgodi aliitwa hivyo. Na kwenye ombi la kambi nimetia sahihi chini ya sentensi ile.

Ilibidi nimwambie Mwalimu. Nilijipanga, nikaandaa maneno ya kuomba radhi. Alisikiliza, akapuliza chai, akauliza, "Basi la Kasese linaondoka saa ngapi?"

Hapa nitoe onyo. Waandaaji hawakufurahi. Kambi ni ya kukaa na kuandika, walisema, si ya kuzurura, na kwenye mkataba kulikuwa na kifungu kuhusu kutolala nje. Niliandika barua, Mwalimu akaitetea, nikapewa siku tatu. Siku tatu katika ishirini na moja ni nyingi. Kazi ile ilitakiwa ifanyike miezi miwili kabla. Kama unaomba nafasi ya namna hii, fanya mahojiano yako kwanza, yote. Yasikilize, yaandike kutoka kwenye rekodi hadi karatasini (saa moja ya maongezi ilinichukua saa tano za kuandika, na mimi si mvivu), ndipo uende. Kule nenda na gunia lililojaa. Kazi ya mlezi ni kukusaidia kupepeta, naye hawezi kupepeta gunia tupu.

Na weka rekodi sehemu mbili. Mwaka 2019 nilimrekodi mzee mmoja aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi, saa mbili nzima. Simu ikaibiwa kwenye stendi ya teksi ya zamani, Kampala. Nikajisemea nitarudi kwake. Alifariki 2021.

Kasese, baba mdogo alinipeleka kwa mzee mwingine, miaka themanini na ushee, anakaa na mjukuu wake nyuma ya soko. Huyu alichimba kweli. Masikio yamekwenda, nikawa napiga kelele. Nilipotaja jina la baba alimtuma mjukuu ndani, akaja na kopo la Blue Band. Ndani mna vifungo, sindano, risiti za zamani, na kibati cha duara, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia tano, kina tundu juu na namba 614 iliyogongwa kwa mkono. Ile 4 ilikuwa imelala kidogo. Ukingo umelainika kwa kushikwashikwa.

Akanieleza taratibu. Kila mtu ana namba. Ukiingia zamu unapita dirishani, unatoa kibati chako, unapewa taa. Kibati kinatundikwa ukutani. Ukitoka unarudisha taa, unarudishiwa kibati. Kwa hiyo mwisho wa zamu kama ukuta una kibati, kuna mtu bado yuko chini.

"Baba yako alikuwa haendi nyumbani mpaka ukuta uwe mtupu," akasema. "Watu walikuwa wanamtukana. Zamu imeisha, mtu amelewa, amepita mlango mwingine na taa yake begani, amekwenda zake. Baba yako anatuma kijana amfuate mpaka kwenye pombe. Hiki alinirudishia yeye, siku ya mwisho. Sikukitupa."

Nilikishika. Sikuandika chochote kwa muda. Hilo nalo ni kosa, maana baadaye sikukumbuka kama alisema "pombe" au "kwenye pombe ya mama fulani", na ilibidi nimpigie mjukuu.

Kwenye basi la kurudi, tumepita Mbarara, nikakumbuka viatu. Baba alikuwa akihesabu viatu vyetu mlangoni kila usiku kabla ya kufunga. Tulikuwa watoto saba. Akikuta pea sita anatoka nje na tochi. Tulimwona mtu wa ajabu. Jambo hilo nilikuwa nalo kichwani maisha yangu yote, wala halikuwemo kwenye kurasa zangu kumi na nne, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na mluzi ambao haukuwahi kupigwa. Nikampigia mama palepale kwenye basi, watu wanasikia. "Ndiyo," akasema, "lakini ndala alikuwa hahesabu. Alisema ndala si kiatu."

Wiki ya pili na ya tatu sina mengi ya kusimulia. Niliandika. Umeme ukikatika tuliandika kwa mkono. Jioni tulisomeana, na nikagundua kuwa mwenzako akisinzia kwenye aya fulani, aya hiyo ina shida, hata akikataa kwamba alisinzia.

Mambo madogo ya kuhakiki yalinipa aibu kubwa. Nilikuwa nimeandika kwamba treni ilipeleka shaba ya Kilembe moja kwa moja Mombasa. Ilikwenda kwanza Jinja, ndiko ilikoyeyushwa. Tena nilijua! Mjomba alifanya kazi Jinja. Nikatenga siku nzima kwenda kutafuta nyaraka za zamani hapo hapo Entebbe, nikiamini kumbukumbu za taifa bado ziko huko. Zilishahamia Wandegeya, Kampala, mwendo wa boda kutoka dukani kwangu. Nimepita mbele ya jengo lile mara ngapi sijui. Kuhusu mafuriko, nilikuwa nimeandika "mwishoni mwa Aprili 2013". Mzee wa kibati ndiye aliyenirekebisha bila kusita: ilikuwa Mei Mosi, sikukuu ya wafanyakazi. Mji wa wafanyakazi hausahau tarehe kama hiyo.

Na sasa kosa ninaloona haya kulitaja. Mwaka 2019, kwenye matanga, mama mmoja jirani yetu wa zamani alinisimulia usiku baada ya mafuriko: walilala wapi, nani alikosekana, yeye mwenyewe alifanya nini ambacho hajivunii. Nilikuwa nimewasha rekoda ya simu chini ya kanga. Sikumwambia. Rekodi ile ilinusurika kwa sababu nilijitumia kwa barua pepe usiku ule ule, sijui kwa nini hiyo na si ile ya mzee. Ilikuwa sehemu bora ya rasimu yangu, maneno elfu moja na mia tano. Mwalimu aliiweka penseli chini akaisoma mara mbili. Kisha: "Anajua?"

Nikampigia. Nikamsomea. Alisikiliza yote, hakunikatiza. Mwishowe akasema, "Mwanangu, hayo nilimwambia mtoto wa jirani. Sikuambia gazeti." Nikamwambia tutabadilisha jina. Akasema Kilembe hakuna asiyemjua kwa kisa hicho. Nikatoa yote. Nikafuta na rekodi, akasikia nikimwambia nimefuta.

Tangu hapo naomba ruhusa mara mbili: kabla ya kuwasha simu, na tena baada ya kuandika, nikimsomea mtu maneno yake kwa lugha aliyoyasema. Wengi hawakatai. Wengi hurekebisha, na marekebisho yao mara nyingi huwa mazuri kuliko nilichoandika.

Suala la lugha lilituletea ubishi mimi na Mwalimu, na hapa sikukubali. Mama alisema hivi kuhusu mto: "Maji ilikuja na mawe kama nyumba. Mawe ilikuwa inaongea." Mwalimu akasahihisha, maji yalikuja, mawe yalikuwa yanaongea. Nikakataa. Simulizi yangu mimi iwe kwa Kiswahili sanifu, sina neno, lakini mama asivalishwe nguo za mtu wa pwani. Tulibishana siku mbili, kwa heshima, tukiwa tumekaa kwenye benchi moja. Aliogopa wasomaji wa Tanzania watamcheka mama. Nikamwambia mama ameshachekwa na Kampala nzima, hao wengine watapanga foleni. Akacheka, akafuta masahihisho yake kwa ufutio. Bado naamini nilikuwa sahihi, ingawa mhariri mwingine baadaye naye aliyarudisha, nikayatoa tena.

Baada ya kambi. Mkataba ulisema mlezi atasoma rasimu mara tatu zaidi. Alisoma mara moja, si kwa kosa lake: waandaaji waliacha kumlipa, naye ana watu wanaomtegemea. Hakukuwa na tarehe kwenye karatasi, kwa hiyo sikuwa na cha kudai. Omba tarehe. Na usome ukurasa wa nne. Mimi sikuusoma. Ukurasa wa nne ulisema waandaaji wana haki ya kuchapisha kwanza kwa miaka miwili. Jarida moja liliponitaka simulizi mwaka uliofuata ilibidi nikatae, wao wenyewe hawachapishi, na mimi nasubiri. Miaka miwili ilipokwisha jarida lilikuwa limeshafungwa. Sasa kila nikipewa mkataba nauanzia nyuma.

Simulizi ilipofikia maneno elfu tisa na haikunikera tena sana, nilipanda basi la Kasese nikamsomee mzee sehemu yake. Baba mdogo alikuja pia. Tukakaa nje, mjukuu akileta chai, mimi nikipaza sauti kwa ajili ya masikio yale. Nilifika penye chumba cha taa, ubao wa mbao ukutani, vibati vikining'inia kwenye misumari. Mzee akainua mkono.

"Haikuwa mbao. Ilikuwa bati. Rangi ya kijani."

Nikafuta mbao, nikaandika bati.

"Na misumari?" nikauliza.

Akafikiri. Akakitoa kibati mfukoni, akakishika kwa tundu lake, akakitundika kwenye kidole kilichopinda.

"Ndoano," akasema.